Brashi Nayo ni Jembe

Katika kijiji kimoja cha Vurra, huko West Nile, si mbali na kituo cha forodha ambapo malori hupanga foleni yakingoja kuvuka kutoka Kongo, palizuka ubishi katika nyumba moja. Ubishi huo haukuwa wa mipaka ya shamba wala wa mahari. Ulikuwa wa picha. Binti wa nyumba hiyo, aliyekuwa amefaulu vyema mtihani wa kidato cha sita, alimweleza baba yake kwamba hakutaka kusomea uuguzi kama ukoo ulivyokwisha kukubaliana. Nia yake ilikuwa kwenda Makerere kusomea uchoraji.

Baba mtu, ambaye kazi yake ni kuwaandikia wafanyabiashara hati za forodha pale mpakani, alinyamaza kitambo. Hatimaye akauliza swali ambalo wazazi wengi wangaliuliza:

"Mwanangu, picha huliwa?"

Mjomba wa binti, aliyekuwapo siku hiyo, alicheka kwa sauti. Mama hakucheka wala hakusema neno; aliendelea kumenya mihogo. Wala swali lile halikuwa la mzaha. Karo ya mwaka wa kwanza ilitegemea kishamba cha mikalitusi ambacho baba alikipanda binti alipokuwa bado akitambaa. Miti ile ingekatwa na kuuzwa, na fedha yake isingeweza kutumika mara mbili. Nyuma ya binti walikuwapo wadogo zake watatu, na kila mmoja wao alikuwa akisubiri zamu yake.

Binti hakubishana. Alijua kwamba baba yake ni mtu wa karatasi, asiyeamini jambo mpaka aone maandishi. Basi akaingia ndani akaleta kitabu kikubwa, chenye jalada lililochakaa, alichoazimwa na mwalimu wake wa sanaa. Kilikuwa kitabu cha wachoraji wa Ireland wa siku hizi za karibuni. "Baba," akasema, "usinijibu leo. Kitazame kwanza."

Kwa siku kadhaa kitabu kilikaa juu ya meza bila kufunguliwa. Usiku mmoja mvua ilipomzuia kutoka, baba akawasha taa ya jua akakifungua.

Yafaa ifahamike kwamba Ireland ni kisiwa kilichotawaliwa na Waingereza kwa karne nyingi, na kwamba sehemu yake kubwa ilijipatia serikali yake yenyewe mwaka 1922. Katikati ya karne ya 19, kati ya mwaka 1845 na 1852, ugonjwa wa viazi ulileta njaa iliyoua watu wapatao milioni moja, na wengine kama hao wakaihama nchi. Watu waliopitiwa na mambo ya namna hiyo hawakosi la kuchora.

Picha za kwanza zilizomvutia baba zilikuwa za Paul Henry, aliyezaliwa mwaka 1876. Mchoraji huyo alijifunza Paris na kufanya kazi London, lakini mwaka 1910 alikwenda kuzuru Achill, kisiwa cha mawe na upepo upande wa magharibi, naye akaishi huko mpaka mwaka 1919. Aliwachora wakulima wa kule: wanawake walioinama wakichimba viazi, na juu yao mawingu mazito yaliyojaza zaidi ya nusu ya picha. Baba aliitazama picha hiyo, kisha akamwita binti yake.

"Hawa ni Wazungu?"

"Ndiyo, Baba."

"Wanalima kama watu wa Logiri," akasema, akafunua ukurasa mwingine.

Alifurahi pia aliposoma habari za Jack Yeats, ambaye mwaka 1924 alipata medali ya fedha katika Michezo ya Olimpiki ya Paris bila kukimbia wala kurusha mkuki. Siku zile sanaa nayo ilikuwa na mashindano yake katika Olimpiki, na Yeats alishinda kwa picha ya waogeleaji katika mto upitao mjini Dublin, watu wa mji wakiwa wamejazana ukingoni kuwaangalia. Ilikuwa medali ya kwanza ya Ireland tangu ijitawale. Hapo baba akakiri kwamba hakuwahi kusikia kuwa brashi inaweza kuliletea taifa medali.

Lakini alipofika kwa Mainie Jellett, alikifunga kitabu kwa hasira. Mwanamke huyo, baada ya kujifunza Paris, alirudi Dublin na mwaka 1923 akaonyesha picha isiyokuwa na mtu, mti wala nyumba, bali maumbo ya rangi yaliyopangwa. Magazeti ya kwao yalimdhihaki. "Hata mimi ningalimdhihaki," akasema baba. Binti akainuka, akaushusha ukutani ungo wa marehemu bibi yake, wenye michoro ya rangi nyeusi iliyozunguka mpaka katikati.

"Baba, huu ni mzuri?"

"Mzuri sana. Mama yangu alikuwa fundi."

"Mchoro huu unafanana na ng'ombe? Unafanana na mtu?"

Baba aliugeuza ungo mikononi, akautazama mara nyingi, asipate jibu. Alikuwa ameupenda maisha yake yote, wala hakuwahi kuuliza unafanana na nini.

Picha iliyomshinda kabisa ilikuwa ya Louis le Brocquy, iitwayo "A Family", yaani familia, aliyoichora mwaka 1951. Rangi zake ni za kijivu, kama majivu ya jikoni. Katika chumba kitupu mwanamume ameketi ameinamisha kichwa. Mwanamke amelala, ameegemea mkono wake. Paka anachungulia chini ya shuka. Na kando amesimama mtoto mdogo ameshika maua. Ilichorwa wakati Ulaya ilipokuwa bado imejaa watu waliopoteza makazi yao kwa Vita Kuu ya Pili.

Baba hakuuliza neno. Mwaka 1980, vita vilipoikumba West Nile, alikuwa mtoto wa miaka minane. Watu kwa maelfu walikimbilia Zaire na Sudan, na jamaa zake walivuka mpaka usiku wakielekea Aru, wamechukua chungu kimoja na mkeka. Huko ndiko alikojifunza Kiswahili ambacho leo humpatia riziki. Kitu kimoja hakuwahi kukisimulia nyumbani mwake: namna baba yake mzazi alivyokuwa akiketi mchana kutwa katika kibanda cha ugenini, kichwa amekiinamisha, mikono haina kazi, na namna yeye mtoto alivyosimama mlangoni akitafuta jambo la kumfurahisha mzee wake asilipate. Sasa mtu ambaye hakuwahi kufika Vurra alikuwa amelichora jambo lile lile.

"Mtu huyu," aliuliza baadaye kwa sauti ya chini, "alisifiwa?"

Binti akamsomea. Mwaka 1952 picha ile ilipotolewa iwe zawadi kwa jumba la sanaa la mji wa Dublin, washauri wa jumba hilo waliikataa. Mwaka 1956 ikapata tuzo katika maonyesho makubwa ya Venice, nchini Italia. Nusu karne baada ya kukataliwa, mwaka 2002, iliingia katika Jumba la Sanaa la Taifa la Ireland, mumo humo Dublin. Kweli, nabii hakosi heshima isipokuwa kwao.

Tangu usiku ule mazungumzo ya nyumba hiyo yalibadilika. Baba hakuwa amekubali, lakini alianza kuuliza maswali ya mtu anayetaka kujua. Sisi wenyewe, akataka kufahamu, tuna nini?

Binti alikuwa na jibu. Mwaka 1937 Margaret Trowell, mke wa daktari wa Mulago, alianza kuwafundisha wanafunzi wachache uchoraji barazani kwake mjini Kampala. Kutoka baraza hilo ilizaliwa shule ya sanaa ya Makerere, ambayo baadaye ilipewa jina lake. Mama huyo hakudharau ufundi wa wenyeji. Mwaka 1953 alitoa, pamoja na Klaus Wachsmann, kitabu kikubwa juu ya vyombo na kazi za mikono za makabila ya Uganda.

Humo alipita Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, Kilimanjaro, mwaka 1923. Aliwachora watu wa kwao wakilima, wakichota maji na wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku. Na picha hiyo ya bibi arusi, ya mwaka 1956, ilinunuliwa na jumba la sanaa za kisasa la New York. Tanganyika ilipopata uhuru, Ntiro aliiwakilisha nchi yake mjini London akiwa Balozi. Mkewe, Sarah Ntiro wa Uganda, alipata shahada Oxford mwaka 1954, akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Afrika Mashariki kufikia hatua hiyo.

Alipita pia Elimo Njau, aliyechora katika kuta za kanisa la Murang'a nchini Kenya, akamaliza mwaka 1959. Humo Yesu anazaliwa miongoni mwa watu na milima ya Kikuyu. Alipita Theresa Musoke, mmoja wa wanawake wa kwanza wa Uganda kusomea sanaa hapo Makerere, ambaye mchoro wake wa ukutani uko katika bweni la wanawake la Mary Stuart. Naye Jak Katarikawe, mtu wa Kigezi ambaye hakupata elimu ya shule, alikuwa dereva wa mwalimu wa Makerere kabla ya Ntiro kumtia moyo. Ng'ombe wake wa rangi nyororo walimpa jina kubwa Nairobi, alikofariki mwaka 2018.

"Ntiro alikuwa mwalimu," akasema baba, kama mtu anayekagua hati. "Huyu wa mwisho alikuwa dereva. Wote walikuwa na kazi ya pili."

"Wengi wao, Baba."

"Basi nawe utakuwa na kazi ya pili. Soma sanaa, kisha usomee ualimu. Miti nitaikata. Lakini asikudanganye mtu kwamba brashi peke yake itawasomesha wadogo zako."

Binti alikubali sharti hilo, na hakuna mwenye busara atakayesema kwamba baba alikosea. Sanaa hailishi kila aitumikiaye, na mzazi anayelisema jambo hilo mapema anamtakia mtoto heri.

Wapo wasomaji watakaosema kwamba mambo ya picha ni ya matajiri wenye kuta ndefu. La hasha. Picha hujifunzwa kama chakula kinavyoonjwa, pole pole. Kwanza, tazama bila kusema, kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Pili, uliza mwanga unatoka upande gani na jicho lako linapelekwa wapi. Tatu, uliza mchoraji ameacha nini nje, maana alichokiacha nacho kina maana. Nne, uliza ni nani wa nyumbani kwako aliyemo humo. Watoto wakifundishwa hivyo kwa kalenda ya ukutani, kwa ungo au kwa mkeka wa bibi, watakuwa na macho yanayofanya kazi.

Jioni kabla ya kuondoka, binti alitoa picha aliyoificha kwa muda mrefu. Ilimwonyesha mama yake akianika mihogo juu ya mwamba ulio nyuma ya nyumba, jua likishuka upande wa Kongo. Mama alijifuta mikono, akaishika kwa ncha za vidole.

"Kumbe mgongo wangu umeinama hivi?" akauliza.

Hakuna aliyejibu. Baba aliitazama picha, kisha akamtazama mkewe, ambaye kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa akimwona akipita na mizigo ya mihogo. Picha ilitundikwa karibu na ungo wa bibi. Kesho yake asubuhi, baada ya basi la Kampala kumchukua binti, majirani walimwona karani wa forodha akipanda kwenye mwamba, kikapu cha mihogo begani, na mkewe akimfuata nyuma mikono mitupu.