Ati Bidhaa Ikiuzwa Hairudishwi? Tupatane Milimani

Kuna kakaratasi kamebandikwa karibu na kaunta ya kulipia kwa maduka mengi hapa Nairobi: bidhaa zikishauzwa hazirudishwi. Tunakasoma, tunanyamaza, kana kwamba ni Katiba. Wasee, si Katiba. Katiba yenyewe, Kifungu cha 46, inasema mnunuzi ana haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa. Na haki zilizo kwa Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 haziondolewi hata na makubaliano uliyotia sahihi. Sembuse kakaratasi.

Shida ni kwamba hawa wakubwa wanajua hesabu zetu. Nani atalipa wakili kwa sababu ya friji moja? Ukimya wetu ndio faida yao.

Dadangu huuza maziwa lala na maji baridi Kayole. Mwaka jana alinunua friji kwa supamaketi moja kubwa, 42,000, pesa ya chama. Wiki ya tatu friji ikawa kabati. Duka likamtuma kwa fundi, fundi akamrudisha kwa duka, duka likamwonyesha kakaratasi. Maziwa yakaharibika, na chama hakingoji friji ipone.

Akaamua kwenda Mahakama ya Madai Madogo. Hii ilianza Milimani 2021, inasikiza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na si lazima uwe na wakili. Vile inaenda ni hivi.

Kwanza, ushahidi. Risiti, ujumbe wa M-Pesa, picha, kila kitu mlichoandikiana. Wino wa risiti hufifia, so ipige picha siku hiyo hiyo.

Pili, barua ya kudai. Sema ulinunua nini, lini, iliharibika vipi, unataka pesa ngapi na unawapa siku ngapi. Dadangu aliwapa 14. Wakipokea, wagonge muhuri kwa nakala yako.

Tatu, jina. Usishtaki jina la bango. Kampuni ina jina lake la usajili. Liangalie kwa risiti, kisha ulithibitishe kwa eCitizen. Ukikosea hapa, unaweza kushinda kesi dhidi ya mtu ambaye hayuko.

Nne, wasilisha hati ya madai kwa mfumo wa mtandaoni wa Mahakama na ulipe ada. Kisha kampuni ifikishiwe hati hizo, na uwe na kiapo cha kuonyesha imezipata. Bila hiyo, kesi haisongi.

Tano, kusikizwa. Mwamuzi hafungwi na zile kanuni kali za ushahidi. Unaeleza yako kwa lugha ya kawaida. Na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Wakili wa duka aliomba muda zaidi, akapewa wiki moja tu. Kabla iishe, wakapiga simu wenyewe: tutarudisha 42,000. Dadangu akauliza, na maziwa je? Wakaongeza 6,000. Makubaliano yakaandikwa, yakawa amri ya korti. Ahadi ya simu peke yake usikubali.

Sitawadanganya, kushinda si kulipwa. Wakikataa kutoa pesa, unarudi kortini kuomba mali yao ishikwe. Na usikawie. Nakumatt ilikuwa jitu la supamaketi, lakini Januari 2018 iliwekwa chini ya msimamizi. Kampuni ikifika hapo, wewe na risiti yako mnapanga foleni na mabenki.

Kuna mtu aliniambia 42,000 si pesa ya kupelekana kortini. Si pesa kwa nani? Kwa dadangu hiyo ni friji, ni chama, ni wateja wa asubuhi. Kama duka halioni aibu kuishika, wewe usione aibu kuidai. Haya, risiti yako iko wapi?