Je, Lifoni Alitoka?

Marehemu baba yangu alikuwa na ugonjwa mmoja wa vitabu. Alivinunua vikuukuu kando ya barabara jijini Nairobi, na karibu vyote vilikuwa vya Mwamerika mmoja, Tony Hillerman, aliyeanza mwaka wa 1970 kutoa visa vya polisi wa kabila la Wanavajo. Baada ya chajio alitusimulia kwa Kiswahili. Mpelelezi Joe Leaphorn, mtu asiyeamini uchawi hata kidogo, baba alimwita Lifoni, nasi tukamjua kama jirani.

Mwaka wa 2009 baba alilazwa hospitalini akiwa amemwacha Lifoni mlangoni mwa korongo, giza likiingia. Hakurudi nyumbani. Wiki mbili baada ya mazishi, kitindamimba wetu aliniuliza, "Dada, Lifoni alitoka?" Nilimfokea hadi akalia. Kusema kweli kitabu kilikuwa pale pale rafuni, lakini nani alikuwa amenipa mimi kiti cha baba?

Hillerman mwenyewe alikuwa amefariki mwaka wa 2008. Mwaka juzi, kwenye vibanda vile vile vya vitabu, nikaona jina lake, ila mbele yake pameandikwa Anne. Bintiye! Kilikuwa kitabu chake cha mwaka wa 2013, Spider Woman's Daughter. Nilikinunua ili nimkosoe.

Basi ndugu msomaji, kurasa za mwanzo tu, Leaphorn anapigwa risasi! Binti hakujaribu kuvaa viatu vya mzee. Alimlaza hospitalini, hai, kisha kazi akampa Bernadette Manuelito, polisi wa kike ambaye katika vitabu vya babake hakuwa mbele kama wanaume. Bernadette anaambiwa akae kando kwa kuwa yeye ni shahidi. Wapi! Nilisoma hadi jogoo akawika.

Asubuhi nilikishusha kile cha baba, nikakimaliza, nikampigia simu kitindamimba, ambaye sasa ana mtoto wa miaka mitano.

"Lifoni alitoka," nikamwambia.

Alinyamaza kidogo, kisha akacheka. "Umechelewa, Dada. Mimi nilimtoa zamani. Huku kwetu alitokea Mto Athi, amepanda punda."

Jumapili nilikwenda kwake kumsimulia mtoto jinsi ilivyo kitabuni. Hakunikubalia. Alitaka punda.