Nyonga Mpya, Pumzi ya Zamani

Wengi huniuliza kama nyonga ya bandia inauma. Haiumi. Kilichonitaabisha baada ya upasuaji ni pumzi.

Gegedu la nyonga lilikuwa limesagika hata mfupa ukasugua mfupa, nami kwa miaka nikawa napunguza safari: kwanza ya sokoni, kisha ya harusini, mwishowe hata ya chooni naitafakari. Moyo nao ni msuli, usipotumwa hulegea. Basi mguu ulipokuwa tayari kwenda, kifua kiligoma. Siku moja nimeshuka feri ya Likoni, naupanda ule mwinuko wa kutokea mjini, nikasimama katikati nikihema, umati ukinipita huku na huku. Mchuuzi wa maji akaniambia, “Mama, sogea kando, utakanyagwa.”

Daktari alikwisha kunionya: kuhema kwa ghafla, kifua kuuma au shavu la mguu kuvimba huenda ni damu iliyoganda, nikimbilie hospitali. Ndiyo maana wodini walinishikilia nichezeshe nyayo. Baada ya siku ile ya feri nikapimwa, hakuna kitu. Ni mwili uliokaa mno.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti wa rika la wanangu, akanipa kipimo: “Mama, mwendo wako uwe wa kuweza kuzungumza lakini usiweze kuimba.” Mimi na taarabu tena! Kilinifaa kuliko saa ya mkononi. Asubuhi, kabla jua halijakasirika, nilizunguka chini ya mibuyu ya bustani ya Mama Ngina, hapa Mombasa. Wimbo ukitoka wote, naongeza mwendo. Mtu akinisalimu nishindwe kuitikia, napunguza. Nilianza na dakika kumi kumi, mguu mbaya ukisaidiwa na mkongojo, hadi nikafika nusu saa kwa siku tano, zile dakika 150 kwa wiki ambazo Shirika la Afya Duniani husema ndizo za chini kwa mtu mzima. Mvua ikinyesha, napanda baiskeli ya mazoezi, kiti kikiwa juu ili goti lisipite nyonga. Kukimbia nimekatazwa, na sikukupenda hata ujanani.

Kuswali bado naswali kwenye kiti. Lakini ngazi za ghorofa ya binti yangu nazipanda bila kutua, na mume wangu, ambaye nyonga zake zote mbili ni za kuzaliwa nazo, ndiye anayeniomba nimsubiri.