Kilio cha Mtoto Angani

Kila chombo cha safari kina adabu zake. Jahazi lina adabu ambazo nahodha huzisimamia na abiria huzifuata bila kuandikiwa. Garimoshi lina zake. Na basi nalo, ingawa wengi hulidharau, lina utaratibu wake wa nani ampishe nani kiti na nani apakate kifurushi cha nani. Adabu hizo hazikuja pamoja na vyuma. Wajerumani walipojenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, kazi iliyokamilika mwaka 1914, hawakuweka sharti kwamba mtoto mchanga aliyemo katika behewa la daraja la tatu ni mtoto wa behewa zima. Jambo hilo tuliliingiza wenyewe, tukilitoa majumbani mwetu. Nami nauliza: je, ndani ya ndege tumeingiza nini?

Swali hili sikulipata vitabuni. Nililipata nikiwa nimempakata binti yangu wa miezi 20, katika safari ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ndege, na mara yangu ya kwanza kupanda nikiwa na mtoto. Mama yangu mzazi alikuwa kitandani kwa mwezi wa tatu. Binti yangu amepewa jina lake, kama ilivyo desturi ya makabila mengi ya nchi hii, na kwa sababu hiyo nami humwita "mama". Wawili hao wenye jina moja walikuwa hawajapata kuonana. Ndugu zangu waliponipigia simu hawakusema maneno mengi. Walisema tu kwamba mgonjwa anamwulizia mwenzake. Msomaji aliyelelewa katika mila zetu anaelewa uzito wa ulizo la namna hiyo linapotoka kwa mtu aliyelala. Basi huchukua mchana mzima na sehemu kubwa ya usiku. Reli, kupitia Tabora, ni zaidi ya kilomita 1,200. Ndege ni kiasi cha saa moja na nusu. Nikakata tiketi ya ndege. Mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili hapewi kiti chake. Hupakatwa, na nauli yake ni sehemu ndogo tu ya nauli ya mtu mzima.

Njia hiyo ya reli naijua tangu utotoni. Ndani ya daraja la tatu hapakuwa na mtoto aliyekaa kwa mama yake tu toka Mwanza mpaka pwani. Alipopanda, pengine alipitishwa dirishani na kupokewa na mikono ya watu ambao mama yake hakuwahi kuwaona. Akilia usiku, mzee wa pembeni aliuliza, "Mtoto wetu ana nini?" Asubuhi uji uliomiminwa kutoka katika chupa ya chai ya mama mmoja ulinywewa na watoto wa akina mama watatu. Tulipofika Tabora, aliyeshuka kununua asali alimwachia jirani mwanawe, akarudi akamkuta amelala kwenye paja la mtu wa nne. Sisemi kwamba garimoshi lilikuwa peponi. Kulikuwa na joto, kunguni na wezi wa mizigo, na wako watoto waliougua njiani. Nasema tu kwamba katika taabu hizo zote, kilio cha mtoto hakikuwa na mwenyewe mmoja.

Niliingia ndegeni nikiwa nimembeba binti yangu mgongoni kwa kanga. Watu wa pwani wanaijua heshima ya mbeleko: katika mambo ya posa, mama wa bibi arusi hutengewa mkaja kwa ajili ya tumbo lililozaa, na mbeleko kwa ajili ya mgongo uliobeba. Sidhani kama kuna watu wengine wanaougharimia mgongo wa mama kwa namna hiyo. Mhudumu wa ndege, dada kijana mwenye adabu nzuri, aliniomba niifungue. Alinipa mkanda mdogo wenye kitanzi, ambao hupitishwa katika mkanda wa mzazi kisha ukafungwa kiunoni mwa mtoto. Ninaafiki kabisa sababu ya sharti hilo. Ndege ikifunga breki kwa nguvu au ikitikiswa na hewa chafu, mikono ya mama, hata angekuwa mkulima, haiwezi kumshika mtoto. Na aliyefungwa mgongoni angebanwa kati ya mzazi na kiti. Tusilete ubishi wa mila mahali pa roho za watu.

Binti yangu, hata hivyo, hakushauriwa katika jambo hilo. Mtoto wa miezi 20 amejifunza kutembea karibuni, na kwake kufungwa ni dhuluma iliyo wazi. Akalia. Akajikunja kama upinde, akanipiga teke, akalia tena. Mhudumu akaniinamia akasema, "Mama, mchelea mwana kulia hulia yeye. Mwache mkanda hivyo hivyo." Nimeisikia methali hiyo mara nyingi, aghalabu ikitumika kuhalalisha fimbo, lakini sijapata kuisikia ikiwa imetua mahali pake kama siku ile.

Tuliondoka ardhini kwa kilio na tukapenya mawinguni kwa kilio. Hapo ndipo bwana mmoja wa kiti cha mbele alipogeuka akasema kwa sauti ya upole, tena kwa Kiswahili safi, "Samahani mama, mtulize mtoto wako."

Hakunitukana, wala sikumchukia. Lakini neno lile "wako" lilinikaa. Lugha yetu ina uwezo wa kusema "wetu" bila gharama yoyote, na katika chombo kingine angelisema hivyo. Bwana yule, kwa umri wake, bila shaka aliwahi kupakata watoto wa watu katika mabasi. Ni nini basi kilichombadilisha alipopanda ngazi za ndege?

Nadhani jibu liko katika historia. Kwa muda mrefu ndege haikuwa chombo cha watu wetu. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianzishwa mwaka 1946, chini ya utawala wa Waingereza, na waliolipanda zama zile walikuwa hasa maofisa, wafanyabiashara na wageni. Tulipounda shirika letu wenyewe mwaka 1977, baada ya Jumuiya kuvunjika, tulipaka ndege zetu picha ya twiga na tukawafundisha marubani wetu, jambo la fahari kubwa. Lakini hatukukaa chini kuzungumza juu ya adabu za ndani. Tulizikuta zimekwisha kukaa vitini: kila mtu aangalie mbele, kila mtu na sahani yake, kila mtu na mtoto wake. Aliyepanda mara ya kwanza alitazama wengine wanafanyaje, akaiga, asije akaonekana mshamba. Nadhani wengi wetu tungali tunaogopa kuonekana washamba huko juu.

Mwaka 1962 Rais Nyerere alipotangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni, alionya pia kwamba kufufua utamaduni wetu si kuukataa wa wengine, na kwamba taifa lisilotaka kujifunza kwa wageni halina akili. Kwa hiyo siulaumu ugeni wa ndege. Ule mkanda wenye kitanzi ni ugeni, nami nimeupokea kwa mikono miwili. Ninachosema ni kwamba kupokea mkanda hakutulazimishi kupokea na ule upweke.

Aliyenitoa katika fikira hizo alikuwa mama mmoja mtu mzima aliyekaa upande wa pili wa ujia. Taa ya mikanda ilipozimwa, alinyoosha mikono.

"Mlete mjukuu wangu."

"Shikamoo, mama. Atakusumbua."

"Marahaba. Mlete, nawe upumue."

Nilisita. Mzazi wa mjini wa siku hizi ana hofu ya kumtoa mtoto wake kwa asiyemjua, na hofu hiyo si ya bure, tumesikia mengi. Kisha nikacheka moyoni: mwizi wa watoto aliye angani atashukia kituo gani? Nikampa.

Mama yule hakuwa na kitu cha kuchezea cha dukani. Alichukua pindo la kanga yake, ambalo ndani yake alikuwa amefunga sarafu, akamwekea mtoto fundo lile mkononi. Binti yangu alinyamaza. Alilivuta, akaling'ata, akaligeuza, akamtazama bibi yake mpya kwa hasira, kisha akalirudia. Alipambana na fundo lile mpaka tulipoanza kushuka, wala hakulifungua. Bwana wa kiti cha mbele alipogeuka tena, safari hii alikuwa akitaka kujua kama sarafu zimetoka.

Mama yule ndiye pia aliyeniambia nimnyonyeshe mtoto wakati wa kushuka, na kwamba akiwa amelala nimwamshe. Baadaye niliona sababu yake. Hewa ya ndani ya ndege iliyo juu sana huwekwa mgandamizo unaofanana na ule wa juu ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Ndege inaposhuka, mgandamizo huongezeka na kuisukuma ngoma ya sikio kwa ndani. Mtu mzima humeza mate, na mrija mwembamba unaounganisha sikio na koo ukafunguka, maumivu yakaisha. Mrija wa mtoto mdogo ni mwembamba zaidi na umelala, tena aliyelala usingizi humeza mara chache. Ndiyo maana huamka akipiga kelele na mzazi asijue amemkosea nini. Kunyonya humfanya ameze. Chuchu ya mama, au kikombe cha maji kwa aliyeacha ziwa, ndiyo dawa.

Mwanza ilituwia rahisi. Mji ule uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo kwa upande wa masikio safari ya kushuka ni fupi. Tuliliona ziwa, kisha mawe yale makubwa yaliyopandana kana kwamba mtu aliyapanga akasahau kuyashusha, na magurudumu yakagusa ardhi mtoto akiwa bado ananyonya. Bwana wa kiti cha mbele aliniteremshia begi langu, akalibeba hadi chini ya ngazi.

Mama yangu alikuwa amesogezwa dirishani ili apate mwanga. Hakuweza kumpakata mjukuu wake. Tulimlaza ubavuni pake, naye akampapasa uso kwa vidole, polepole, kuanzia kipaji hadi kidevu. Mtoto hakulia. Kisha mama akaniuliza tulikuja na nini. Nikamwambia tulikuja na ndege. Hakuuliza ndege ikoje, wala kama niliogopa, wala nauli ni kiasi gani.

"Nani alikupokea mtoto njiani?" aliuliza.

Nikamweleza habari za mama wa fundo. Aliniuliza anatoka wapi, ni mtu wa nani, na kama nilimshukuru vizuri. Aliridhika, akafumba macho.

Tulikaa siku tisa. Kurudi ndiko kulikokuwa na kazi, kwa kuwa Dar es Salaam iko usawa wa bahari na masikio hushuka mlima mzima. Viti vitatu nyuma yetu alikuwapo mama kijana mwenye mtoto mchanga aliyelala fofofo. Ndege ilipoanza kuinamisha pua nilimwomba mhudumu ampelekee ujumbe kwamba amwamshe na kumnyonyesha. Mama yule alinitazama kwa mashaka, kama mtu aliyeingiliwa mambo yake, na sikumlaumu. Kisha alimwamsha. Wangu alilia kidogo tulipoipita Kibaha. Jirani yangu wa dirishani, kijana aliyekuwa na visikizio masikioni tangu Mwanza, alivivua akaanza kumwonyesha mtoto taa za magari kule chini, moja moja, akizihesabu kwa sauti.

Mama yangu alifariki katika juma la tatu baada ya sisi kurudi. Tulisafiri tena kwa ndege kwenda mazikoni, mara hii pamoja na baba yake mtoto. Nilikuwa nimejifunika kanga hadi usoni, na baba yake alikuwa akihangaika na mizigo. Nilipofunua uso kutafuta mkanda mdogo ili nimfunge mtoto, nilimkuta amekwisha fungwa, yuko kwenye paja la mzee mmoja nisiyemjua wa kiti cha pili, anachezea kofia yake.