Siku moja Katavi: Watoto waone viboko, wazazi wakumbuke mbung'o

Hifadhi ya Taifa ya Katavi haiko mbali na Mpanda. Makao yake makuu, Sitalike, yapo takriban kilomita 40 kusini mwa mji huo. Kilicho mbali ni Mpanda yenyewe, iwe umekuja kwa basi au kwa treni ya kupitia Tabora. Ndiyo maana hifadhi hii ya kilomita za mraba 4,471 haina misururu ya magari kama zile za kaskazini. Familia ikilala Mpanda na kuondoka alfajiri, itaona mengi na kurudi kabla ya giza.

Nendeni kiangazi. Maji ya Mto Katuma yanapobaki madimbwi, viboko hubanana humo kwa mamia, mgongo kwa mgongo, wakigombea tope. Mamba nao hujificha kwenye mashimo ya kingo. Mtoto akiuliza mbona kiboko anatoka damu, mwambieni si damu, ni majimaji mekundu ya ngozi yanayomkinga na jua. Mkiruhusiwa kushuka kwenye gari, mshikeni mkono. Kiboko ni hatari zaidi mtu anapomzibia njia ya kurudi majini.

Wabende husimulia kwamba roho ya Katabi, mwindaji wa kale, inakaa kwenye mkwaju karibu na Ziwa Katavi, na ndiko lilikotoka jina la hifadhi. Wawekeeni watoto hadithi hiyo kwa ajili ya kipande cha miombo, maana huko vioo vya gari hufungwa na joto huwachosha.

Vioo vinafungwa kwa sababu ya mbung'o, ambao wengi huwaita ndorobo. Hupenda kivuli cha miti, huuma mchana na hulifuata gari linalotembea. Hutoboa nguo nyepesi, na dawa ya kupaka ya kufukuza mbu haiwazuii sana. Rangi ya bluu iliyokolea na nyeusi huwavuta, kwa hiyo sweta la shule la bluu libaki nyumbani. Mvalisheni mtoto suruali na shati la mikono mirefu, la kitambaa kizito kidogo, rangi ya kaki.

Wengi wanaoumwa na mbung'o hawapati malale. Ugonjwa huo ni nadra, lakini hauna chanjo, na usipotibiwa huua. Aina inayopatikana Tanzania huenda kasi: ndani ya wiki chache mtoto anaweza kupata homa na maumivu ya kichwa, pengine na kidonda pale alipoumwa. Kipimo cha haraka cha malaria hakioni vimelea vya malale. Huonekana damu inapochunguzwa kwa hadubini, na mapema hutibika.

Kwa hiyo homa ikija baada ya safari, msinunue dawa dukani. Nendeni hospitali, na kabla hamjaulizwa, semeni: "Tulikuwa Katavi, na mtoto aliumwa na mbung'o."