Ukuta Uliojengwa kwa Peni za Sokoni

Wasomaji wetu wa Singida wanaijua hospitali ya Makiungu, na wengi wao wanawakumbuka masista waliofika huko kuwauguza wagonjwa. Masista hao ni wa shirika lililoanzishwa na Mama Mary Martin mwaka 1937. Nyumba mama ya shirika hilo ilijengwa Drogheda, mji wa zamani wa Ireland, kama maili 30 kaskazini ya Dublin. Haya basi, ndugu msomaji, leo tufunge safari twende tukautazame mji ule walikotoka wageni wetu.

Drogheda umekaa pande zote mbili za mto Boyne, karibu na mahali mto unapoingia baharini. Mgeni akipanda kutoka mtoni, mara anakutana na minara miwili mirefu ya mviringo, yenye orofa nne kila mmoja, nayo imeunganishwa juu kwa ukuta kama daraja. Hilo ni Lango la Mtakatifu Laurenti. Lilijengwa katika karne ya 13, nalo limesimama hata leo. Mtu akisimama chini yake na kuinua macho, swali la kwanza linalomjia ni hili: nani alilipa gharama ya mawe haya yote?

Wengi hujibu upesi, "Mfalme." Jibu hilo ni kweli nusu tu. Wanormani walikuwa wamevuka bahari kuingia Ireland tangu mwaka 1169, na miji mingi ikawa chini ya mfalme wa Uingereza. Wenyeji wa miji hiyo walipoogopa vita, walimwomba mfalme msaada. Naye mfalme, badala ya kutoa fedha katika sanduku lake, mara nyingi alitoa barua yenye muhuri wake. Barua ile iliwapa ruhusa ya kutoza ushuru wa ukuta kwa muda wa miaka kadha wa kadha. Mfalme Henry wa Tatu aliwapa watu wa Dublin ruhusa ya namna hii mwaka 1221, na watu wa Drogheda mwaka 1234. Mwanawe, Edward wa Kwanza, aliwapa watu wa Fethard mwaka 1292. Fethard ni mji mdogo tu, lakini ukuta wake umebaki karibu wote mpaka leo.

Sasa tumtazame mkulima wa siku zile, anakwenda mjini siku ya soko. Anaswaga ng'ombe wake, au amebeba ngozi, sufu na nafaka. Mwingine analeta samaki, mwingine chumvi, na mfanyabiashara mkubwa ana mapipa ya divai. Mtoza ushuru anamngojea. Barua ya mfalme imetaja kila bidhaa na kiwango chake: hii peni moja, ile nusu peni, nyingine robo. Peni ilikuwa sarafu ndogo ya fedha, nyepesi kama ukucha. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Peni zile zilikusanywa soko kwa soko, mwaka kwa mwaka, zikanunua mawe na chokaa, zikawalipa waashi. Kwa hiyo ukuta wa Drogheda haukujengwa na mfalme peke yake, wala na matajiri wa mjini peke yao. Jasho la watu wa shamba limo ndani ya mawe yale.

Je, ushuru ule ulikuwa wa haki? Mwuza ng'ombe alipata faida yake: alifanya biashara mahali salama. Lakini jioni malango yalipofungwa, mji ulilala ndani ya ukuta, naye alirudi kulala nje. Tena walikuwako watozaji wenye mkono mrefu. Sheria iliyotungwa Uingereza mwaka 1275 inatuonyesha hivyo, kwa maana ilisema kwamba mji utakaotoza ushuru wa ukuta kupita kiasi kilichoandikwa utanyang'anywa ruhusa yake na kutozwa faini kubwa. Mwaka 1285 sheria hiyo ilipelekwa Ireland pia. Watu hawatungi sheria juu ya kosa lisilotendeka. Bandu bandu huisha gogo, na fedha ya wote huisha hivyo hivyo.

Kuna mji mmoja ambao watu wake walifanya kazi kwa mikono yao wenyewe. Ni New Ross, upande wa kusini mashariki. Mwaka 1265 mabwana wawili wakubwa, Maurice FitzGerald na Walter de Burgh, walikuwa wakipigana, na mji ulikuwa wazi bila ukuta. Shairi la Kifaransa la wakati ule linasimulia jinsi wenyeji walivyogawana siku za juma. Jumatatu walitoka wauza divai na wauza nguo kwenda kuchimba handaki, Jumanne mafundi cherehani wa siku zile walioshona kwa mkono, Alhamisi waoka mikate na wauza samaki. Siku ya Jumapili walitoka wanawake, wakabeba mawe, na lango moja likakusudiwa kuitwa Lango la Wanawake. Kazi ilifanywa kwa bendera na nyimbo, kama msaragambo wa kijijini.

Lakini ukuta una upande wa ndani na upande wa nje. Watu wa Dublin waliuona uchungu wa jambo hilo mwezi wa Februari 1317. Mfalme Robert Bruce wa Scotland na ndugu yake Edward walikaribia na jeshi lao. Wenyeji walivunja nyumba ya watawa Wadominiko iliyokuwa ng'ambo ya mto, wakachukua mawe yake kuimarisha ukuta. Kisha wakatia moto nyumba zilizokuwa nje ya malango, ili adui asijifiche humo. Moto uliwashinda, ukateketeza zaidi ya walivyotaka. Akina Bruce walipoona mji umejifunga namna ile, walipita wakaenda zao. Mji uliokoka. Lakini waliookoka bila hasara ni wale wa ndani, na walioona nyumba zao zikiwa majivu ni jirani zao wa nje.

Turudi sasa Drogheda, kwa kuwa huko kuna habari nyingine. Zamani haukuwa mji mmoja bali miwili, kila mmoja ng'ambo yake ya Boyne, na kila mmoja na wakuu wake. Daraja liliwaunganisha, lakini ushuru wa merikebu na mizigo uliwatenganisha. Walizozana muda mrefu hata damu ikamwagika. Ushuru uliowajengea kuta za kumzuia adui wa mbali sasa uliwafanya jirani kuwa maadui. Mwaka 1412, siku ya sikukuu ya Mwili wa Kristo, Padre Philip Bennet, Mdominiko, aliwakusanya watu wa pande zote mbili katika kanisa la Mtakatifu Petro, akawahubiria umoja. Wakapatana. Tarehe 1 Novemba mwaka ule ule hati ya mfalme Henry wa Nne iliifanya miji ile miwili kuwa mji mmoja. Mnara wa konventi ya Wadominiko, uitwao Magdalene, bado umesimama juu ya kilima.

Na ukuta wenyewe? Mwezi wa Septemba 1649 Oliver Cromwell aliupiga kwa mizinga upande wa kusini, akaingia, na watu wengi wakauawa. Mawe ya miaka 400 hayakuizuia baruti. Lakini mapatano ya mwaka 1412 hayakubomoka. Pande mbili za Boyne ni mji mmoja mpaka leo.

Ukibahatika kufika Drogheda, pita chini ya Lango la Mtakatifu Laurenti, uguse mawe yake. Utasoma majina ya wafalme katika vitabu, lakini jina la yule aliyeleta ngozi moja sokoni na kutoa peni yake halikuandikwa popote. Yeye naye alijenga.