Kidole Hakiui Kipepeo

Machi 2016 serikali ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, na vipepeo wetu wakaingia humo humo pamoja na tumbili na kobe. Marufuku ilitangazwa ya miaka mitatu. Miaka ikaisha, yenyewe ikabaki. Juni 2022 tukasikia wafanyabiashara wamepewa miezi sita kumaliza mifugo iliyosalia, na kabla hata hatujatafuta maboksi, ruhusa ikasitishwa. Mwaka huu tumemzika aliyenifundisha kazi ya kufuga vipepeo. Basi niandike, maana waliobaki wanaoijua ni wachache na baadhi yao wanaieleza vibaya.

Utoto wangu hauna makuu. Nimezaliwa Oldonyo Sambu, upande wa Meru unaopata upepo na vumbi kuliko mvua. Nikachunga mbuzi, nikamaliza darasa la saba, nikashuka mjini Arusha kutafuta kibarua. Nilichopata, ndugu zangu walikicheka miaka mingi: kulisha viwavi.

Fundi wetu, ndiye huyo tuliyemzika, alitoka Muheza. Mimi nilimwita Mzee. Yeye aliniita layoni, yaani mvulana, hata nilipokwisha kupata wajukuu. Banda lilikuwa la nyavu, na ndani miche ya milimau kwa ajili ya kipepeo wa mlimao, yule wataalamu wanayemwita Papilio demodocus. Kiwavi wake akiwa mchanga utadhani ni kinyesi cha ndege juu ya jani. Akikua anakuwa kijani, na ukimshtua anachomoza kisogoni pembe mbili laini zenye harufu kali. Baadaye hujifunga kwa uzi kwenye kijiti akawa pupa. Pupa ndio tuliokuwa tukiwauza: unawapanga kwenye pamba, boksi linakimbizwa uwanja wa ndege wa KIA, na baada ya siku chache wako kwenye mabanda ya vioo ya Ulaya, ambako watu hulipa kiingilio wawaone wakitoka. Boksi likichelewa, wanatokea humo humo na hasara ni yako.

Watu wote niliokutana nao wanaamini kwamba ukimgusa kipepeo bawani anakufa. Mzee alilicheka sana jambo hilo. Alikuwa akimshika kwa kidole cha shahada na gumba, mabawa yote manne yamefumbwa pamoja, anamgeuza, anamkagua, kisha anamwachia aende zake. Vidoleni hubaki unga. Unga ule ni magamba madogo yaliyolaliana kama mabati ya paa, nayo ndiyo yenye rangi. Yakipungua, rangi inafifia, basi. Nimeona vipepeo waliodonolewa na ndege hadi nusu ya bawa la nyuma imekwenda, na bado wanaruka na kutaga.

"Layoni," alikuwa akisema, "kidole hakiui. Kinachoua ni kukosa pa kuning'inia."

Kipepeo anapotoka kwenye pupa, tumbo limevimba na mabawa yamekunjamana, madogo, ya majimaji. Anapanda haraka, anashika kijiti, anayaacha mabawa yaning'inie, kisha anasukuma damu yake, ambayo si nyekundu, iingie kwenye mishipa ya mabawa. Unayaona yakikunjuka mbele ya macho yako. Baada ya hapo lazima yakauke, na hiyo ndiyo saa ya hatari. Akianguka au akibanwa na mwenzake, bawa linakauka na kunyanzi zake. Bawa likishakauka halinyooshwi, halikui, haliponi.

Akaja msimamizi mmoja, msomi, aliyetaka pupa wa mbegu walazwe kwenye maranda ndani ya beseni za plastiki. Mzee alikuwa akiwagundisha mkiani, mmoja mmoja, kwenye kijiti, wakiachana upana wa kiganja. Gundi inapoteza muda, msimamizi akasema. Kipepeo atapanda mwenyewe. "Atapanda nini?" Mzee akauliza. "Plastiki?" Hakujibiwa. Ikaja Julai na baridi yake, beseni zikajaa vilema. Ripoti ikaandikwa kwamba wafanyakazi wanashika mabawa kwa mikono michafu. Tukapewa glavu.

Jambo moja mimi na Mzee hatukuafikiana: maji. Alitaka pupa wanyunyiziwe kila asubuhi, mwaka mzima, kama kwao. Nilimwambia, Mzee, hapa si Muheza. Julai ya Arusha ukinyunyizia asubuhi unafuga ukungu. Amekwenda kaburini akinibishia, na bado nasema mchana, jua likishatoka, na kidogo.

Nanyi vijana mnaopiga picha kipepeo kwa simu halafu jioni mnabeba bomba la dawa: kiwavi mnayemuua kwenye mlimao ndiye huyo huyo. Mti uliokomaa hauangushwi na majani machache yaliyoliwa. Mche mdogo, sawa, mwokote kwa mkono umhamishie mti mkubwa. Nimemkataza jirani yangu kunyunyizia dawa milimau iliyo mpakani, naye amenishtaki kwa mwenyekiti wa kitongoji. Kesi inasikilizwa wiki ijayo na nitakwenda na kiwavi.